Mazoezi ya wazi ya orkestra: nikae pale nisikilize nini?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi natokea Tanga, niko mwaka wa kwanza chuoni hapa Massachusetts. Profesa wa somo letu la muziki ametupa tiketi za kwenda Symphony Hall, Boston, kuangalia mazoezi ya wazi ya Boston Symphony Orchestra, Alhamisi saa nne na nusu asubuhi. Watapiga konsato ya fidla ya mtunzi Mendelssohn, yaani fidla moja ikiongoza na orkestra ikiisindikiza, kisha simfoni ya tisa ya mtunzi Dvořák. Baadaye tunatakiwa kuandika kurasa mbili. Mimi nimekulia kwenye taarabu ya nyumbani na kwaya ya shule. Orkestra sijawahi kuiona kwa macho. Nivae nini? Nitaona nini hasa? Na mtu kama mimi nitajuaje kama wanakosea?

Jibu

Marahaba, mwanangu. La mavazi tulimalize hapa hapa: vaa unavyovaa kwenda darasani, ubebe na sweta. Wapigaji wenyewe utawakuta na jinzi, raba na chupa za maji. Yale makoti meusi yanasubiri jioni.

Swali lako la tatu ndilo lililonikalisha kitako nikuandikie, kwa sababu hata wanafunzi waliokulia na fidla mkononi huona haya kuliuliza. Nitalifikia. Kwanza nikuingize ukumbini.

Umeimba kwaya, kwa hiyo unayajua mazoezi ya Jumamosi jioni. Mwalimu anawaimbisha tena do-re-mi zao, besi wanasahau za kwao, wimbo unajengwa kipande kwa kipande hadi Jumapili uweze kusimama wenyewe. Picha hiyo iweke kando. Katika orkestra ya kiwango hiki hakuna anayekuja kujifunzia noti zake pale. Kila mtu ameshazijua tangu nyumbani, na Dvořák huyu wengi wao wamempiga miaka nenda miaka rudi. Programu ya wiki moja kwa kawaida hupata mazoezi manne hivi, na yale yanayofunguliwa watu waingie aghalabu huwa ya mwisho. Nguo imeshashonwa, ninyi mnakuja kuona inavyopigwa pasi.

Kwa hiyo usishangae mkiona "mazoezi" machache kuliko mlivyotarajia. Kondakta anaweza kupitisha sehemu nzima ya simfoni bila kusimama, kisha akarudi kwenye vipimo vinane tu, vile vyumba vidogo vya nota kati ya mstari na mstari, akavirudia mara nne, akasonga mbele. Mwingine anakata kila nusu dakika mpaka mnajisikia kama abiria kwenye foleni ya Ubungo. Na hakuna aliyewaahidi kwamba kila kitu kilichoandikwa kwenye programu kitapigwa tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeamua ni yeye, kulingana na kinachomkosesha usingizi.

Nimesema kondakta, na najua akili yako imekwenda wapi. Si yule wa daladala, ni yule anayesimama mbele na fimbo kuwaongoza wapigaji, ingawa hawajatofautiana sana. Wote wawili hawaendeshi gari, na gari haliondoki mpaka wao waseme.

Fika nusu saa kabla. Kituo cha treni kinaitwa Symphony, kwenye mstari wa kijani, tawi la E. Ukipanda ngazi jengo liko hapo hapo. Ukishaingia, inua macho juu ya jukwaa. Kuna vibao vilivyotengenezwa kwa ajili ya majina ya watunzi, lakini kilichoandikwa jina ni kimoja tu, cha katikati: Beethoven. Inasimuliwa kwamba ukumbi ulipojengwa, mwaka 1900, wakubwa hawakukubaliana ni nani mwingine ambaye jina lake lisingechuja, basi vibao vingine vikabaki vitupu mpaka leo.

Kama tiketi zenu hazina namba za viti, usikimbilie mbele. Mbele utaona migongo ya watu wa fidla na viatu vya watu wa selo, yale mafidla makubwa yanayosimamishwa sakafuni, basi. Ikiwa ghorofa za juu zimefunguliwa, panda, kaa ubavuni, karibu na jukwaa kadiri utakavyoruhusiwa. Kutoka pale unauona uso wa kondakta, jambo ambalo mtu wa kiti cha bei mbaya usiku hulikosa. Uso huo utakufundisha mengi kuliko fimbo yake.

Utakuta kelele. Watu themanini hivi, kila mmoja na lake, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Wageni wengi huitumia nafasi hiyo kuchati. Wewe isikilize, kwa sababu kila mmoja pale anapiga mahali anapopaogopa. Yule wa tarumbeta anarudia noti tatu zile zile. Wa selo anapanda ngazi moja, anateleza, anapanda tena. Na kule katikati kuna mtu ameshika chombo cha kupuliza kinachofanana na obo, ile ala nyembamba ya mbao, lakini kirefu zaidi, chenye sauti nzito, kinaitwa korangle. Atapuliza kwa upole mistari miwili ya wimbo wa taratibu, atatulia, ataulowesha ulimi wa chombo mdomoni, atapuliza tena. Huyo mkariri sura. Nusu ya watu watakaonunua tiketi za jioni wanakuja kwa ajili ya wimbo wake.

Kisha fidla wa kwanza anasimama, ukumbi unanyamaza, obo inatoa "la" moja ndefu na wote wanajipatanisha nayo: mitetemo 440 kwa sekunde, au juu yake kidogo. Kwa nini obo? Sauti yake ni nyembamba na inapenya, tena mpigaji hawezi kuipandisha na kuishusha hovyo, kwa hiyo wengine wanapata kitu cha kushika. Wewe wa Tanga hutapata taabu kuelewa. Obo ni ndugu wa nzumari yetu; zote mbili zinalizwa kwa ulimi wa vipande viwili vinavyobanwa kwa midomo. Umeshasikia nzumari moja ikipasua katikati ya ngoma nzima. Sasa mfikirie ndugu yake aliyelelewa kwa adabu.

Jambo moja litawachanganya msipoambiwa mapema. Jioni, Mendelssohn atatangulia na Dvořák atafuata. Asubuhi huenda ikawa kinyume. Hakuna siri: konsato ya Mendelssohn haina tromboni wala tuba, yale mabomba makubwa ya shaba, na inahitaji honi mbili tu, wakati simfoni ina honi nne, tromboni tatu na tuba. Kwa nini uwaweke watu wale saa nzima wamekunja mikono? Unaanza na kazi kubwa, wanamaliza, wanakwenda zao, mnabaki na kundi dogo. Tuba huyo ana kisa chake. Katika simfoni nzima ya dakika 40 na kitu, anapiga kwenye sehemu ya pili peke yake, noti zisizofika 20. Lakini hizo chache zimewekwa mahali ambapo ukikosea, kila mtu amekusikia.

Na hapo ndipo nijibu lile swali lako.

Makosa ya wazi, yaani mtu kupiga noti isiyokuwepo, utayasikia machache sana. Pengine utasikia honi ikivunjika sauti, kwa sababu honi ni bomba la karibu mita 4 lililokunjwa, na huko juu noti zake zimebanana kama nyumba za uswahilini. Ukikosea mlango kwa unywele umeingia kwa jirani. Ikitokea, watazame wenzake. Hakuna atakayegeuza shingo. Hiyo ni sheria ambayo haijaandikwa popote na inashikwa kuliko nyingi zilizoandikwa: mwenzako akiteleza, wewe tazama nota zako. Kondakta naye hatasimama kwa ajili hiyo. Aliyekosea anajua, anainua mkono kidogo kusema ni mimi, yamekwisha.

Kinachowasimamisha ni kitu kingine. Kila mmoja yuko sawa, na bado pamoja hawako sawa.

Chukua mwanzo wa sehemu ya pili ya Dvořák, ile iitwayo Largo. Ala za kupuliza, tuba akiwemo, zinatoa milio saba ya taratibu, kimya kimya, kama mlango mzito unaofunguliwa usiku bila kutaka kuamsha watu. Mlio mmoja una noti kadhaa, kila noti kwa mtu wake. Unakumbuka kwenye kwaya, pale mwalimu alipowaambia alto, "Mi yenu iko juu"? Na alto wanaapa kwamba wamechukua mi kutoka kwenye kinanda? Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mi ya kinanda iko juu kidogo kuliko mi inayokaa vizuri ndani ya mlio ulioshikwa kwa muda. Kinanda hakiwezi kuishusha. Binadamu na tromboni wanaweza. Basi kondakta atasimamisha, atamtazama tromboni wa pili, ataonyesha kwa kidole kitu kidogo sana kuelekea chini, na watarudia. Mara ya pili utahisi ukumbi umejaa zaidi ingawa hakuna aliyeongeza nguvu. Hilo ndilo jibu la "nitajuaje". Huhitaji kulijua kosa kabla halijasahihishwa. Unahitaji kuwa umesikiliza mara ya kwanza kwa makini kiasi cha kuisikia tofauti ya mara ya pili.

Hii ndiyo faida kubwa ya asubuhi hiyo, mwanangu, kuliko tiketi ya bure na kuliko uso wa kondakta. Konsati inakupa kitu mara moja. Mazoezi yanakupa kitu kile kile mara mbili, tatu, mfululizo, katika mikono ile ile, na katikati yake sentensi moja ya mtu mmoja iliyobadilisha kila kitu.

Shida ni kwamba sentensi hiyo huenda usiisikie. Kondakta amewapa mgongo, hana kipaza sauti, na anaongea na watu walio mita mbili kutoka kwake. Kinachofika kwenu ni vipande: "herufi D", "vipimo vinne kabla", kicheko cha watu wa viola. Herufi hizo zimechapwa kwenye nota za kila mpigaji ili wote warukie sehemu moja kwa pamoja. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapo, wanafungua simu. Wewe fanya upelelezi: tazama penseli. Kila kiango cha nota kina penseli, kwa sababu wino haufutiki na wiki ijayo atakuja kondakta mwingine mwenye matakwa mengine. Kondakta akishasema neno, angalia ni nani ameinama kuandika. Selo wote wameandika? Basi neno lilikuwa la selo. Kisha wakirudia, masikio yako yaelekeze kwenye selo. Ni ujanja wa kitoto na unafanya kazi kila mara.

Utaona pia neno likisafiri. Mkuu wa fidla za pili anageuka nyuma, ananong'ona, anaonyesha upinde ukipanda badala ya kushuka; kiti cha pili kinawaambia cha tatu, mpaka nyuma kabisa. Wanakaa wawili wawili kwenye kiango kimoja, na anayefunua kurasa ni yule wa upande wa ndani, ili yule wa nje, anayeonekana na watu, aendelee kupiga. Pinde zao zinapanda na kushuka pamoja kwa sababu zimeandikwa hivyo, na kuandika hivyo ni kazi ya siku nyingi. Upinde ukishuka unakuja na uzito wa mkono, ukipanda unabeba. Badilisha mwelekeo tu na sentensi ile ile ya muziki inakuwa na mkazo mahali pengine, kama "barabara" ya kupita na "barabara" ya sawasawa.

Jambo jingine la kusubiri ni ucheleweshaji. Tromboni wako nyuma, mita 15 hivi kutoka kwa kondakta, na sauti yao inachukua karibu sehemu 4 za mia za sekunde kumfikia. Kidogo? Kwenye mlio unaotakiwa kupigwa na watu wote kwa pamoja, hicho kidogo kinasikika kama mtu aliyechelewa swala. Kwa hiyo wanaokaa nyuma hawasubiri kuzisikia fidla ndipo waanze. Wanaitazama fimbo na kuiamini, hata masikio yao yakiwaambia wamewahi.

Makondakta pia huimba. Wanapokosa maneno wanaimba vile wanavyotaka ipigwe, na wengi wao, Mungu awasamehe, huimba vibaya. Lakini sikiliza wanachokiweka: wapi pumzi, wapi uzito. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwenye mazoezi ya mwisho. Noti zipo, kinachotafutwa ni kwamba watu themanini waseme sentensi moja kwa lafudhi moja.

Mtu akipiga kipande chake cha peke yake vizuri, kama huyo wa korangle, utasikia miguu ikisuguasugua sakafu na kuona pinde zikitikiswa kidogo. Hayo ni makofi yao kwa mwenzao. Kwetu mcheza kwao hutunzwa. Huku hutunzwa kwa soli za viatu. Na kwa kuwa najua ulikotoka, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, niseme na hili: hakuna kwenda mbele kutunza. Ninaelewa mkono utakavyowasha.

Mendelssohn naye anataka sikio la aina nyingine. Konsato hii ilipigwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1845, na ilikuja na ujeuri wake: zamani za hapo orkestra ilikuwa ikiongea kwanza kwa dakika kadhaa ndipo mpigaji mkuu aingie, ila hapa fidla inaingia karibu mara moja, kipimo kimoja na nusu tu. Kwa hiyo hakuna muda wa kujipanga, wakianza wameanza. Mpigaji mkuu amewasili juzi tu, pengine amekutana na orkestra mara moja au mbili. Asubuhi anaweza kupiga kwa nguvu nusu, bila maonyesho, mara nyingine akiwa amewageukia wapigaji badala yenu. Usimhukumu kwamba amepoa. Anatunza jioni.

Pale anapopiga peke yake, kadenza, huenda wakairuka, kwani orkestra haina la kufanya humo. Lakini mwisho wake hawatauruka. Mendelssohn aliiweka kadenza katikati ya sehemu ya kwanza, na inapoisha fidla haimalizi kwanza ndipo orkestra ianze. Fidla inaendelea kudundisha upinde juu ya nyuzi nne, mbio mbio, na chini yake orkestra inarudi na wimbo kwa sauti ndogo. Kuunganisha hapo ni kama kurukia treni inayotembea huku umebeba chai. Ningekuwa wewe ningesubiri mahali hapo. Halafu sikiliza basuni, ile ala ndefu ya kupuliza yenye sauti nzito: sehemu ya kwanza inapokwisha kwa kishindo, yeye anabaki ameshika noti moja peke yake, na noti hiyo ndiyo daraja la kwenda sehemu ya pili. Hakuna mwanya wa kupiga makofi, na kizuri ni kwamba hamtalazimika kujiuliza kama mpige.

Makofi kwa jumla: kondakta akiingia, piga. Kondakta akimaliza kipande, piga. Katikati ya sehemu na sehemu, nyamaza. Wakisimama ghafla kwa ajili ya kusahihisha, nyamaza hata kama ilikuwa nzuri namna gani. Ni kazini kwa watu.

Kazini kweli. Mazoezi ya orkestra za Marekani hudumu saa mbili na nusu hivi, na mapumziko katikati, na saa hizo ni za mkataba. Kuna meneja anayekaa pembeni akiangalia saa. Dakika zikiisha, kondakta hana ruhusa ya kusema "tumalizie tu kidogo", labda walipwe ziada. Mtu aliyezoea mazoezi ya kwaya yanayokwisha mlinzi akizima taa hushangaa. Orkestra hii ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 1881, ilikaa miaka mingi bila kujiunga na chama cha wafanyakazi wa muziki. Ilikuwa ya mwisho kati ya orkestra kubwa za nchi hii, ikajiunga mwaka 1942. Kwa hiyo ukiona kondakta ametupia jicho saa ya mkononi katikati ya wimbo mtamu, hajachoka. Anahesabu.

Wakati wa mapumziko usitoke mara moja. Wapo watakaobaki jukwaani wakipiga vile vile vipimo walivyosahihishwa. Hapo utasikia mmoja mmoja kile ulichokisikia kwa wote.

Mtindo huu wa kufungulia watu mazoezi hapa ni wa zamani. Henry Lee Higginson, tajiri wa benki aliyeianzisha orkestra hii, aliweka tangu mwanzo mazoezi ya hadhara ya Ijumaa mchana, na viti vya senti 25 ambavyo watu walivipangia foleni. Na simfoni mtakayoisikia iliingia duniani kwa mlango huo huo. Tarehe rasmi ya kuzaliwa kwake ni 16 Desemba 1893, Carnegie Hall, New York. Lakini siku moja kabla, tarehe 15, kulikuwa na mazoezi ya hadhara, na waliokuwamo ndio watu wa kwanza kuisikia. Dvořák wakati huo alikuwa mkurugenzi wa chuo cha muziki New York, na mmoja wa wanafunzi wa pale, Harry Burleigh, kijana mweusi, alikuwa akimwimbia nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi. Ndiyo maana watu wengi hudhani wimbo wa korangle ni mmoja wa nyimbo hizo. Sivyo, ni wake Dvořák mwenyewe, maneno yakaja kuongezwa baadaye na mtu mwingine. Lakini nyimbo za Burleigh alizisikia, na mtu haoshi masikio.

Sasa, ukumbi wenyewe, na kwa nini koti lako ni sehemu ya muziki. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na darasa lisilofundishika: neno likitamkwa lilibaki likielea hewani sekunde 5 na nusu. Wakampa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Akaazima mito ya viti kutoka jumba jingine la chuo, usiku akawa anaihamishia darasani na kupima kwa bomba la kinanda na masikio yake mwenyewe: mito kadhaa, sekunde ngapi, mito mingine, sekunde ngapi. Akapata kanuni, na kanuni hiyo ikatumika kuujenga ukumbi mtakaokaa. Miili ya watu hunywa sauti kama mito ile. Ukumbi wenye watu robo unalia kwa muda mrefu kuliko uliojaa, na kondakta analijua hilo: anachokisikia asubuhi sicho kitakachosikika jioni. Kuna mara anageuka na kumuuliza msaidizi wake, aliyekaa katikati ya viti na kitabu kikubwa cha nota, kama tarumbeta zinawafunika wengine. Mtafute mtu huyo. Hapigi chombo na wala haongozi, lakini jibu lake likiwa "ndiyo", watu wa tarumbeta wanapunguza.

Simu izime kabisa, si kuitoa mlio tu; mwanga wake unaonekana toka jukwaani. Kurekodi ni marufuku, na wanamaanisha. Na usije na kitu cha kutafuna chenye karatasi. Mimi, mwaka wangu wa kwanza ugenini, niliingia kwenye mazoezi ya orkestra moja nikiwa na pakiti ya ubuyu mfukoni, zawadi kutoka nyumbani, nikadhani nitaifungua polepole asisikie mtu. Polepole ndiyo mbaya zaidi. Lile nailoni lilipasuka katikati ya kimya ambacho mtunzi alikiandika makusudi, na kondakta, bila kugeuka, alisubiri mpaka nikamaliza. Largo ya Dvořák ina kimya cha namna hiyo karibu na mwisho wake. Nyuzi zinabaki chache, wimbo unaanza, unakatika, unaanza tena, unakatika. Kama utataka kukohoa, kohoa kwenye tromboni.

Kuhusu kurasa mbili zako. Sitakuandikia, lakini nitakuonya: usianze na maisha ya Mendelssohn. Profesa wako anayajua. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikiliza simfoni mara moja tu, ukiosha vyombo ikibidi, ili angalau nyimbo mbili zikae kichwani. Ukiweza kusoma nota, pakua nota zake bure kwenye tovuti ya IMSLP, maana haki zake zilishaisha, uipitie Largo. Siku yenyewe usijaze daftari. Chagua mtu mmoja jukwaani, mfuatilie asubuhi nzima; na usimchague mpigaji mkuu, huyo wataandika wenzako wote. Chagua basuni wa pili, au fidla wa kiti cha nyuma kabisa, ambaye kila neno linamfikia likiwa limepitia midomo mitano. Kisha chukua vipimo vyovyote walivyovirudia, uandike vilivyokuwa mara ya kwanza, neno lililosemwa kama ulilipata, na vilivyokuwa mara ya pili. Tumia maneno yako ya kwaya bila aibu. Ukisema "alto walikuwa juu" badala ya istilahi uliyoiokota jana yake, mimi ningekupa alama zaidi.

Mimi binafsi ningemchagua wa matoazi. Katika simfoni hii yote, kwa muda wote ule, matoazi yanalia mara moja tu, kwenye sehemu ya mwisho, tena si kwa kishindo. Ni kama mtu anayevuta pazia. Sijui watu wa ofisi ya fedha wanaonaje hesabu hiyo. Lakini hajaletwa pale kwa bahati mbaya: anahesabu vipimo mamia, anainuka kabla ya wakati wake, anashika, anangoja. Kondakta akikata kipimo kimoja kabla hajapiga, anakaa chini na kuanza upya. Ukimwona, uniandikie alifanya nini na mikono yake dakika zile zote nyingine.